Walionusurika majini walinusurikaje hasa? Naombeni visa vya kweli

mwalimu_visiwani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, huu mwaka wa tatu. Nimezaliwa na kukulia Singida. Maji yasiyoonekana ng'ambo nimeyaona mara ya kwanza nikiwa na miaka 26, na kuogelea sijui. Kila mwisho wa mwezi sharti nivuke kwenda Mwanza.

Wiki mbili zilizopita tulivuka na upepo mkali. Boti ilikuwa inalalia upande mmoja, inakaa hivyohivyo kwa muda, ndipo inarudi. Ndoo za watu zikawa zinateleza sakafuni. Mama aliyekaa pembeni yangu alinipa mtoto wake mchanga nimshikie, yeye akashika bomba kwa mikono yote miwili. Tulifika salama. Ila tangu siku hiyo nikifumba macho naiona mikono ya yule mama kwenye lile bomba.

Juzi darasa la tano wameniuliza, boti ikipinduka mtu afanye nini? Nikawaambia tumwombe Mungu. Mtoto mmoja, baba yake ni mvuvi, akauliza: "Na huku tunaomba, mikono inafanya nini?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo naombeni visa vya kweli vya watu waliotoka wazima mahali ambapo kila mtu alishakata tamaa. Kwamba Mungu yupo naamini. Ninachotaka kujua ni walikaa wapi, walishika nini, walifanya nini, na nani aliwapata.

fundi_wa_mashine

Mwalimu, pole kwa safari ile. Mimi nina miaka 60, ni mtu wa Ukerewe. Nilivua dagaa mpaka 1991, nikaacha, nikaingia kwenye ufundi wa injini za boti na ndiyo kazi yangu mpaka leo. Swali la mtoto wako ni zuri kuliko maswali mengi niliyosikia kwenye vikao vya watu wazima.

Nianze na la hapa nyumbani. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Siku ile waliokuwemo walizidi mara mbili ya hao, pamoja na mizigo yao. Kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wanaangalia. Waliokufa walizidi 220. Waliookolewa ni 41.

Jumamosi, siku ya tatu, wazamiaji walikuwa wanatoa miili tu. Sisi tuliokuwa tunafuatilia tulishaacha kuuliza nani mzima, tulikuwa tunauliza nani amepatikana. Ndipo habari ikaja kwamba mhandisi wa kivuko ametolewa akiwa hai. Alikuwa amejifungia kwenye chumba kilichobakiwa na hewa, mwili mzima umejaa oili ya injini. Karibu siku mbili, gizani, chombo kikiwa juu chini.

Watu waliita muujiza, na mimi sibishani nao. Lakini hewa ile ilikuwa na sababu ya kubaki mle, na hiyo sababu unaweza kuwaonyesha watoto wako kwa ndoo moja ya maji.

Chukua bilauri kavu. Kunja karatasi, ishindilie chini kabisa ndani ya bilauri. Igeuze bilauri mdomo chini, izamishe kwenye ndoo wima bila kuilaza. Hesabu mpaka 20, itoe. Karatasi ni kavu. Maji yalipanda kidogo tu kwenye mdomo yakasimama, kwa sababu hewa iliyokuwemo haina pa kutokea. Chombo kilichopinduka ni bilauri hiyo. Chumba chenye sakafu nzima, isiyo na tundu, sasa sakafu imekuwa dari na dari imekuwa sakafu, na hewa inakwenda kujikusanya huko juu. Mtu akiweza kufika pale na kuweka pua yake pale, ana muda.

Halafu fanya la pili. Chukua kikombe cha plastiki kibovu, choma tundu dogo kwenye kitako kwa msumari wa moto. Kigeuze, kizamishe. Weka kidole juu ya tundu utasikia hewa inavyopuliza. Ukiondoa kidole, kikombe kinajaa maji.

Hapo kwenye tundu naandika taratibu, mwalimu. Tarehe 21 Mei 1996 alfajiri, MV Bukoba ilipinduka ikitokea Bukoba, ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Nilikuwa Mwanza, nina miaka 31, ndiyo najifunza injini. Haikuzama papo hapo. Ilibaki tumbo juu, inaelea, na watu waliokuwa ndani wakawa wanagonga bati. Waliokwenda kuokoa wakasikia kugonga. Wakatoboa tumbo la meli ili wawafikie. Hewa iliyokuwa inawashikilia watu, na inaishikilia meli yenyewe, ikatoka kwenye lile tundu, na meli ikaenda chini. Walikufa watu zaidi ya 800. Makaburi yao yako Igoma, na mimi kila Mei nakwenda.

Waliotoboa walitaka kuokoa. Siwezi kumlaumu mtu aliyesikia binadamu anagonga akachukua kifaa kilichokuwa karibu. Lakini hakuwepo mtu wa kuwaambia habari ya bilauri na ndoo, ndiyo maana nakueleza wewe unayefundisha watoto wa visiwani.

Cha tatu kiko mbali kidogo, Nigeria. Tarehe 26 Mei 2013 boti ya kuvuta meli, Jascon-4, ilipinduka alfajiri baharini ikazama mpaka kina cha mita 30 hivi. Walikuwa 12. Mpishi wao, Harrison Okene, alikuwa ameamka kwenda chooni. Maji yakamzungusha kwenye korido mpaka akaingia chumba chenye mfuko wa hewa wa kimo cha kama mita moja na robo. Amevaa chupi tu. Akakaa mle saa 60 hivi.

Mikono yake ilifanya nini? Mwambie huyo mtoto. Kwanza ilipapasa gizani ikapata magodoro, akayapandanisha, akakaa juu ili kifua kiwe nje ya maji. Maji yanaiba joto la mwili haraka mno kuliko hewa, na mtu anaweza kufa kwa baridi hata kwenye maji ambayo angeoga bila kulalamika. Pili ilipata soda, akawa anaionja kidogo kidogo. Alikuwa akisali Zaburi, aliyasema mwenyewe baadaye. Wazamiaji walipokuja walikuja kuchukua maiti. Mmoja anaangaza taa, akaona mkono majini, akadhani ni wa marehemu. Akaushika, na ule mkono ukamshika.

Hata baada ya kupatikana hakuweza kutolewa moja kwa moja. Mita 30 chini hewa inakandamizwa mara nne ya ile tunayovuta hapa, na naitrojeni iliyomo hewani inaingia kwenye damu. Ukimpandisha haraka inatoka kama soda iliyofunguliwa kwa kutikiswa. Walimvalisha kofia ya mzamiaji, wakamweka kwenye chumba maalumu cha kushusha mgandamizo polepole, zaidi ya siku mbili nyingine. Leo yeye mwenyewe ni mzamiaji.

mngazija_unguja

Fundi shikamoo. Mwalimu, salaam.

Mimi ni Mngazija, naishi Unguja. Kwetu Komoro kuna visa viwili na vyote ni vya ndege zilizoangukia baharini.

Cha kwanza kila Mkomoro anakijua. Tarehe 30 Juni 2009 ndege ya Yemenia ilianguka usiku ikikaribia Moroni. Waliokuwemo 153. Alipona mmoja, Bahia Bakari, mtoto wa miaka 12 aliyetoka Ufaransa na mama yake kuja kutembelea ndugu. Hakuwa na jaketi la kuokolea, kuogelea alikuwa anajua kidogo tu, mfupa wa bega umevunjika. Alishika kipande cha ndege. Alikishika usiku ule mpaka mchana, zaidi ya saa 9. Meli ilipomfikia walimrushia boya, mawimbi yakamshinda kulifikia, basi baharia mmoja akaruka majini akamfuata. Mama yake hakupona. Binamu zangu wa Moroni mpaka leo wakisikia jina lake wananyamaza kwanza kabla ya kuendelea na maneno yao.

Cha pili ndicho kinachokuhusu zaidi wewe mpanda boti. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na watu watatu. Walitaka ifike Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakumsikia. Mafuta yakaisha juu yetu, akaitua majini karibu na ufuko wa Mitsamiouli, mbele ya hoteli. Watu wa ufukweni na wavuvi wakaingia na mitumbwi. Kati ya watu 175 walipona 50, na rubani mmoja wao.

Sasa sikiliza. Wapo wengi waliokuwa hai ndege ilipotulia ambao walikuwa wameshajaza upepo majaketi yao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi likawanyanyua mpaka darini na kuwabana huko. Mlango uko chini, na mtu aliyejaa upepo hawezi kuzama kuufikia. Jaketi la kujaza upepo livae mapema, lakini lijaze ukiwa umeshatoka nje.

fundi_wa_mashine

Marahaba mwanangu wa Ngazija. Umenena jambo zito.

Mwalimu, ongezea hapo: majaketi ya boti zetu mengi si ya upepo, ni ya sponji, huwezi kuyapunguza upepo. Livae, usidanganyike ukaliacha, lakini usikae nalo ndani kabisa kwenye kibanda kilichofungwa. Kaa karibu na mlango au nje. Ukikaa, kabla boti haijaondoka, angalia mlango uko upande gani na kuna mabenchi mangapi mpaka pale. Hesabu kwa mkono, siyo kwa macho, maana boti ikipinduka macho hayana kazi tena.

duara_la_tatu

Mimi nachimba dhahabu Kahama, maji siyajui lakini mada inanigusa.

Nyangalata, Oktoba 2015, duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka na watu sita wakabaki chini. Walitafutwa siku kadhaa, ikasitishwa. Tarehe 15 Novemba wachimbaji wenzao wakasikia sauti za watu chini. Walitolewa watano, wako hai, siku ya 41. Mwenzao wa sita alikuwa amefia mlemle. Walikula mende, vyura, mizizi na magome ya matimba, yaani zile nguzo za miti tunazozuilia udongo. Maji walikuwa wanakinga ya kudondoka kwenye mwamba.

Sitaki kusema mengi. Nilimjua mtu ambaye familia yake walishamfanyia matanga, na akaja kukaa kwenye kiti kilekile alichokuwa anakalia. Tangu hapo duara likishuka hatuondoki upesi. Tunazima mashine zote, tunanyamaza, tunagonga bomba mara tatu, tunasikiliza.

mkazi_wa_nairobi

Mtaa wa Huruma hapa kwetu, Aprili 2016, jumba la ghorofa sita liliporomoka usiku wa mvua. Saa 80 hivi baadaye walipata mtoto mchanga kwenye beseni, amefungwa blanketi. Siku ya sita wakatoa watu wazima wanne. Nilikuwa kwenye umati. Waokoaji walikuwa wanainua mkono mmoja juu, na watu wote tunanyamaza, mtaa mzima, hata matatu zinazima injini. Sijawahi kusikia Nairobi ikinyamaza vile tena.

mwalimu_visiwani

Nimesoma yote mara mbili. Duara na ndugu wa Nairobi, nyote mmetaja kunyamaza, nimeliandika hilo daftarini.

Fundi shikamoo. Samahani kama nauliza kisichoulizwa. Umesema uliacha kuvua 1991. Ni kuchoka tu, au kuna jambo?

fundi_wa_mashine

Marahaba mwanangu. Kuna jambo. Nilifikiri sitaliandika, lakini nimekaa na simu hii tangu magharibi.

Tulikuwa watatu kwenye mtumbwi wa mbao, usiku wa giza, maana dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Karabai nne ziko majini juu ya vyelezo. Kama saa 8 usiku upepo ukaja na mvua ya upande. Wimbi la kwanza lilitujaza, la pili likatupindua. Karabai tatu zikafa mara moja. Ya nne ilibaki inawaka, inapanda na kushuka, inazidi kwenda mbali nasi, kisha nayo ikafa.

Mtumbwi wa mbao ukipinduka hauendi chini, unalala tumbo juu. Tukaushika. Mwenzetu mmoja alikuwa anaogelea kutushinda sisi wote wawili. Akaona taa za mtumbwi mwingine, akasema pale ni karibu, naenda kuwaita. Mimi ndiye niliyemwambia nenda. Usiku majini taa huwezi kuipima. Inaweza kuwa hatua 200, inaweza kuwa kilomita 3. Tulimpata siku ya tatu, upande wa pili wa kisiwa.

Wawili tuliobaki hatukuwa hodari. Ubavu wa mtumbwi uliolowa unateleza kama sabuni, vidole vinaishiwa nguvu. Yule mwenzangu alikuwa bado ameshika kamba ya wavu. Tukajifunga kiunoni, yeye ncha moja, mimi ncha nyingine, katikati tukaipitisha juu ya mkuku, ule uti wa chini wa mtumbwi. Yeye akalala upande ule, mimi upande huu. Uzito wake ukawa unanivuta mimi juu na wangu unamvuta yeye, vifua viko nje ya maji. Mmoja akilegea mwenzake anamzuia. Hatukuwa tunaonana, mtumbwi uko katikati. Tukawa tunaitana majina. Asiyeitika anavutwa kamba. Kuna wakati nilivuta mara tano kabla hajaitika, nikaanza kumtukana na kulia kwa pamoja.

Saa 3 asubuhi mtumbwi wa mkaa ukatuona. Walipotaka kutufungua, fundo lilikuwa limekaza, wakakata kwa panga. Alama ya kamba ninayo mpaka leo juu ya nyonga. Mwenzangu alifariki kwa maradhi 2017, na mpaka anafariki akinipigia simu alikuwa haanzi na salamu. Ananiita jina, ananyamaza, anasubiri niitike.

Ndugu aliyekwenda kwenye taa aliacha mke na watoto wawili. Huwa nakwenda kuwaona. Hawajawahi kuniuliza nilimwambia nini usiku ule. Mkubwa wao nilimweleza mwenyewe alipofika miaka 20.

Kwa hiyo waambie watoto wako: chombo kikiwa bado kinaelea, wasikiache. Hata anayejua kuogelea asikiache. Na dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, linabeba watu wazima wawili wakilishika tu bila kulipanda.

mngazija_unguja

Mungu amrehemu. Ahsante mzee kwa kutuambia.

mwalimu_visiwani

Sijui nikujibu nini, mzee wangu. Nimemsomea mama kwa simu, naye ameomba nikusalimie.

Nilivuka Jumamosi. Majaketi yalikuwepo, yako kwenye gunia mbele, gunia limefungwa kwa waya. Nikamwomba kijana wa boti alifungue. Akaniangalia, akasema hakuna upepo leo. Nikasema najua, nifungulie. Akafungua. Nikavaa, nikakaa kwenye benchi la pili toka mlangoni. Kabla hatujafika katikati watu saba walikuwa wameshaomba. La mtoto mdogo halikuwemo.

Jana darasa la tano tulitoka nje na ndoo. Bilauri nilitoka nayo nyumbani. Kikombe cha tundu alikuja nacho yule mtoto wa mvuvi, ametoboa mwenyewe. Alizamisha bilauri, akatoa karatasi, akaipitisha kwa wenzake wote waiguse kwamba ni kavu. Halafu akachukua kikombe chake, akakizamisha akiwa ameziba tundu kwa kidole gumba, akaliachia. Alirudia mara nne bila kusema kitu. Niliwaeleza habari ya Mei 1996, kwa ufupi, maana wawili kati yao wana babu aliyelala Igoma.

Mwishoni akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo wa ndani wakigonga tusitoboe. Sasa tufanye nini mpaka wazamiaji waje?"

Fundi, hili nalo nakuletea wewe.

fundi_wa_mashine

Kwanza wazuie watu wasipande juu ya tumbo la chombo, wala kisivutwe kwa kamba, maana kikiegama hewa inatokea pembeni.

Halafu mwambie naye agonge. Wakigonga mara tatu, agonge mara tatu, ili wajue wamesikiwa. Na asiache kugonga.